Kuchagua Mahali pa Kulaza Gari-Nyumba Laughlin, Nikiwa Barazani Mwanga

Dada yangu mkubwa anaishi Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, na kwa kawaida hunipigia simu saa tatu usiku kwa saa za hapa Kigoma, wakati kwake ni saa tano asubuhi. Usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba aliniambia kwamba yeye na shemeji wamekodi gari-nyumba kwa siku nne za mwezi wa Januari, kwamba wanakwenda katika mji mdogo wa kando ya mto unaoitwa Laughlin, katika jimbo jirani la Nevada, na kwamba wameshindwa kukubaliana walilaze wapi. "Wewe umelala ndani ya gari miaka ishirini," alisema. "Tuchagulie."

Ni kweli nimelala sana ndani ya gari. Kabla mgongo haujanikataza niliendesha malori kati ya Kigoma na Dar es Salaam, nikipita Uvinza, Kaliua, Urambo na Tabora, tangu enzi ambazo barabara ile ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na usiku mwingi usiohesabika nimeupitisha kabini huku utingo wangu akiwa juu ya mzigo, chini ya turubai. Dereva wa lori hujifunza kupima mahali pa kulala kama mvuvi anavyopima upepo kabla ya kuingia ziwani. Nevada, hata hivyo, sijawahi kufika. Nilichokuwa nacho ni simu yenye picha za setilaiti, daftari la mwanangu, na baraza ya nyumba yangu hapa Mwanga, ambako kwa muda wa wiki nzima majirani walishiriki mjadala wa kulilaza gari ambalo hakuna hata mmoja wetu atakayelitia machoni.

Kwa asiyelijua, gari-nyumba ni gari moja lenye injini mbele na makazi nyuma: vitanda, jiko, friji, choo, bafu, na matangi matatu, moja la maji safi, la pili la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la tatu la choo. Hilo walilokodi lina urefu wa futi 30, yaani takriban mita 9, na ubavu wake mmoja hutoka nje kama droo ili sebule ipate upana. Huwezi kulisogeza ukutani ukaenda zako. Katika viwanja vya Marekani vilivyotengenezwa kwa ajili ya magari haya kila nafasi ina nguzo ya umeme, mfereji wa maji na tundu la majitaka, na mgeni hulipia nafasi hiyo kwa usiku. Ziko pia nafasi zisizo na kitu chochote ila ardhi, ambazo ni rahisi zaidi, lakini humo unaishi kwa maji uliyoyabeba na betri uliyonayo.

Mji wenyewe una historia fupi, nayo inasaidia katika kuchagua. Mwaka 1964 mtu aitwaye Don Laughlin alinunua moteli iliyokuwa imefungwa, kwenye ukingo wa Mto Colorado, karibu na ncha ya kusini kabisa ya Nevada, akaigeuza kuwa hoteli na kasino, na baadaye mji uliochipuka pale ukachukua jina lake. Nevada iliruhusu kamari kisheria tangu mwaka 1931, ilhali ng'ambo ya mto ni Arizona, ambako kasino za namna ile haziruhusiwi isipokuwa katika ardhi za makabila ya Wahindi Wekundu. Kwa hiyo majumba yote ya taa yamejipanga upande mmoja, kando ya barabara iitwayo Casino Drive, na upande wa pili kuna mji wa kawaida wa Bullhead City, wenye maduka na nyumba, ambako wafanyakazi wengi wa kasino hurudi kulala. Mwaka 1987 Don Laughlin huyohuyo alijenga daraja la kuunganisha pande mbili hizo kwa fedha zake mwenyewe, kiasi cha dola milioni 3.5, akalikabidhi kwa majimbo. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 92, na mwaka uliofuata daraja la pili lilifunguliwa upande wa kusini. Anayetafuta mahali pa kulala anapaswa kwanza kujiuliza anataka kuamka upande upi wa mto, kwa kuwa pande hizo mbili zinaonana lakini hazifanani.

Mama yetu, ambaye bado yuko Ujiji na hakosi swala hata moja, alipopata habari kwamba binti yake anakwenda kulala kwenye mji wa kamari, aliomba apewe simu. "Mnakwenda kulala uani kwa watu wa kamari?" Dada akamweleza kwamba wao hawachezi, kwamba wanafuata mto, na kwamba nafasi za magari kwenye viwanja vya kasino ni za bei nafuu kuliko kwingineko. Mama akauliza kwa nini ziwe nafuu. Hapo dada alinyamaza, na mimi nikacheka, kwa sababu mtu yeyote aliyelelewa kando ya Ziwa Tanganyika analijua jibu. Usiku wa giza wavuvi wetu huwasha karabai juu ya maji, dagaa wakakusanyika wenyewe chini ya mwanga, na kazi inayobaki ni ya wavu. Kasino haihitaji kukutoza fedha nyingi kwa kulaza gari. Inahitaji tu uwe karibu na mwanga saa mbili usiku, huna la kufanya. Mama alimalizia kwa kusema cha mlevi huliwa na mgema, akairudisha simu.

Sikuliona hilo kuwa sababu ya kuwaepuka. Nililiandika daftarini kama gharama, sawa na dizeli, na nikamwambia dada alikumbuke atakapolinganisha bei, maana nafasi ya bei ndogo iliyo hatua hamsini kutoka kwenye mashine za kamari inaweza kuwa ghali kwa mtu mwenye mkono mwepesi. Kwa miaka niliyomfahamu shemeji, mkono wake si mzito sana.

Mahali palipobaki kwenye orodha baada ya siku mbili za kupekua palikuwa pane. Pa kwanza ni uwanja wa hoteli ya Riverside, ile ya Don Laughlin mwenyewe, wenye nafasi zaidi ya 700 zilizopangwa kwenye mteremko, ng'ambo ya Casino Drive ukitokea kwenye kasino. Pa pili ni Big Bend of the Colorado, hifadhi ya jimbo la Nevada iliyoko kusini mwa majumba ya kasino, yenye nafasi 24 tu za magari-nyumba, kila moja ikiwa na umeme, maji na bomba la majitaka. Pa tatu ni Davis Camp, upande wa Arizona, bustani ya kaunti iliyoko ukingoni kabisa mwa mto, chini kidogo ya bwawa la Davis. Pa nne ni uwanja wa kasino ya Avi, mali ya kabila la Fort Mojave, ulio mbali zaidi kusini, mahali ambapo mtu huenda akitaka kukaa na kutulia bila kuuona mji wenyewe. Huo wa mwisho tuliufuta mapema. Ni mzuri, lakini siku nne hazitoshi kwa mtu aliyefunga safari kuja kuona Laughlin kisha akalala nje yake.

Dada alikuwa ameshaamua moyoni. Alitaka Davis Camp, kwa sababu picha zilionyesha magari yameegeshwa karibu na maji kiasi kwamba unaweza kutoka na kikombe chako cha chai ukakaa mtoni. Namwelewa. Tulikulia mahali ambapo maji yako mwisho wa kila uchochoro, na mtu aliyeishi jangwani kwa muda mrefu huwa na kiu ambayo bomba haliitoshelezi. Lakini kuna jambo moja ambalo maji yamenifundisha kwa hasara, na nililazimika kumsimulia kwa kirefu.

Mwaka 2021, baada ya misimu ya mvua kubwa, Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda na kumeza sehemu za ufuko ambazo watu walizizoea. Nilifika Kibirizi jioni kuchukua mzigo wa dagaa, nikalilaza lori mahali palepale nilipokuwa nikililaza kwa miaka. Maji yalikuwa bado mbali na magurudumu, na mchanga wa juu ulikuwa mkavu. Sikujali kwamba ziwa lilikuwa limesogea, na kwamba mchanga ule mkavu ulikuwa umekaa juu ya tope. Nilipakia usiku. Alfajiri nilipowasha gari, magurudumu ya nyuma yalizunguka mara tatu yakazama hadi kwenye ekseli, na iligharimu lori la mwenzangu, kamba mbili na nusu ya siku kunitoa, huku dagaa wakipigwa na jua. Tangu siku hiyo ninapoona gari zito limeegeshwa karibu na maji siangalii mandhari. Naangalia limekanyaga nini.

Mto Colorado pale Laughlin haupandi kwa mvua za mji ule, ambazo ni chache mno. Unapanda na kushuka kwa mkono wa binadamu, kwa sababu maji hutolewa kwenye bwawa la Davis, lililokamilika mwaka 1951, kulingana na mahitaji ya umeme na ya maji ya walioko chini ya mto, na kina kinaweza kubadilika ndani ya siku moja. Maji hayo hutoka baridi hata wakati wa joto kali, kwa kuwa hutoka chini ya ziwa lililozuiwa nyuma ya bwawa. Kwa hiyo hatari ya gari kusombwa si kubwa, lakini ukingo wa mto unaopanda na kushuka kila siku una mchanga uliolowa, na gari la mita 9 lenye matangi yaliyojaa ni lori dogo hata kama limepakwa rangi za maua. Nilimwambia dada kwamba iwapo atakwenda Davis Camp achukue nafasi yenye changarawe au lami na nguzo ya umeme, wala asishawishike kushuka ufukoni kwa sababu jirani mwenye gari dogo ameshuka.

Alikubali, na kwa jioni moja ilionekana kwamba tumemaliza. Ilipofika asubuhi, nikiwa nakunywa uji, nikakumbuka kuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo kabisa: je, wanavuta gari dogo nyuma?

Hawakuwa wanavuta gari dogo. Wamarekani wengi wenye magari-nyumba huburuta kigari nyuma ili wakishaegesha watumie hicho kwenda dukani na kutembea mjini. Dada na shemeji walikuwa wamekodi gari-nyumba peke yake, na jambo hilo linapindua kila kitu. Gari likishalazwa, ubavu ukatolewa, nyaya na mipira ikaunganishwa, vikombe vikapangwa mezani, halisogei tena kwa safari ya kununua mkate. Kulisogeza ni kufungasha nyumba. Mimi katika lori nilikuwa na utingo wa kumtuma, au bodaboda ya kuita kwa mluzi. Wao wana miguu minne, na mmoja kati ya hiyo una goti lililofanyiwa upasuaji. Kutoka Davis Camp hadi kwenye kasino unavuka daraja kwa miguu, umbali ambao kwa kijana ni matembezi na kwa shemeji ni adhabu. Big Bend nayo, ambayo moyoni niliipenda kwa sababu ya uchache wa nafasi zake na utulivu wake, iko mbali zaidi na maduka na majumba hayo.

Jirani yangu, fundi baiskeli ambaye hufungua kazi yake chini ya mwembe wetu, alisikiliza yote haya huku akiziba pancha, kisha akasema kwamba kwa maelezo hayo mto ulikuwa upande wa pili wa hesabu. Maana yake ni kwamba ukilala mtoni utatamani mji na hutaufikia, lakini ukilala karibu na mji mto uko palepale, kwa sababu kasino zenyewe zimejengwa ukingoni. Nilirudi kwenye picha za setilaiti nikaona kwamba alisema kweli. Nyuma ya majumba hayo, upande wa maji, kuna njia ya miguu inayofuata mto kutoka hoteli ya Riverside kuelekea kusini, na kando yake kuna gati za boti ndogo zinazobeba abiria kati ya kasino moja na nyingine. Dada angeweza kuvuka Casino Drive, kupita ndani ya jengo, na kutokea mtoni na kikombe chake cha chai bado cha moto, au angalau vuguvugu.

Hivyo nikabadili shauri na kuchagua uwanja wa Riverside. Dada alinyamaza kwa muda kidogo kwenye simu. Shemeji, ambaye alikuwa akisikiliza kwa mbali, alishangilia kupita kiasi, jambo lililonitia wasiwasi kidogo.

Kuchagua uwanja ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni nafasi ndani ya uwanja, na hapa ndipo nilipojisikia niko nyumbani. Uwanja ule umepanda mlima kwa ngazi, safu juu ya safu. Safu za juu zina mandhari ya mto na milima ya Arizona, na watu huzigombania. Safu za chini zina kelele ya barabara lakini zina njia fupi. Kwa ajili ya goti nilichagua safu ya chini, ila si ile ya kwanza inayopakana na barabara, kwa sababu taa za magari usiku huingia kitandani. Sikutaka pia nafasi ya mwisho wa safu iliyo karibu na kona, ambapo kila dereva mgeni akikosea hesabu hugonga kilicho karibu. Nimeona vioo vya pembeni vya malori vikivunjwa kwa namna hiyo pale Nzega mara tatu.

Nilimsisitizia dada usawa wa ardhi, naye akadhani ni ushamba wa dereva wa lori, kwamba usawa ni kwa ajili ya mzigo usilalie upande. Ndani ya gari-nyumba usawa ni wa friji. Friji nyingi za magari haya hazina kompresa. Hutumia joto la gesi au umeme kusukuma kimiminika ndani ya mirija, nacho hurudi chini kwa uzito wake, kwa hiyo gari likiinama sana kimiminika hukwama na friji huacha kupoza, na ikiendelea hivyo huweza kuharibika kabisa. Kwenye uwanja wa mteremko, hata kama kila nafasi imesawazishwa, unabeba vibao vya kupandishia gurudumu upande ulioshuka, kisha kabari mbili imara za kulizuia gari. Kipimo cha bei ndogo cha fundi mwashi, kile chenye kipovu, kinatosha. Ukikosa hicho, bakuli la maji sakafuni litasema ukweli.

Kuhusu umeme palitokea ubishi. Nguzo za Marekani huwa na soketi ya ampea 30 na ya ampea 50, na shemeji alitaka kulipia nafasi ya ampea 50 akiamini kwamba ni bora zaidi. Ya ampea 30, kwa volti 120 zao, hutoa wati 3,600. Ya ampea 50 ina nyaya mbili zenye moto na hutoa hadi wati 12,000. Ila gari lao lilikuwa la ampea 30, na nguzo kubwa haiongezi kitu kwa gari lenye waya mdogo, kama vile tangi kubwa la mjini haliongezi maji kwa mwenye bomba la nusu inchi. Ambalo walipaswa kulijua ni hesabu ya matumizi: hita ya wati 1,500 na birika la wati 1,500 tayari ni wati 3,000, na ukiongeza oveni ya mikrowevu swichi hukatika. Nilimwambia dada awe anazima hita anapochemsha maji ya chai. Sisi wa Kigoma, tuliozoea kupanga shughuli kwa kufuata mgao wa umeme, hatuhitaji kufundishwa hilo mara mbili.

La majitaka nitalisema kwa kifupi. Valvu ya tangi la choo haiachwi wazi muda wote hata kama bomba limeunganishwa, kwa sababu maji huondoka na kinachobaki hukauka humo. Husubiriwa tangi lijae angalau theluthi mbili ndipo lifunguliwe kwa mkupuo, kisha lile la maji ya kuogea lifuate ili kusafisha bomba. Shemeji alipewa kazi hiyo bila kura kupigwa.

Walihifadhi nafasi mwezi wa Novemba, nami niliwahimiza wasingoje, kwa sababu Januari ndiyo msimu wa wazee wanaokimbia theluji ya Kanada na ya majimbo ya kaskazini, ambao hufika na magari-nyumba yao na kukaa miezi kadhaa. Pia nilipendekeza waingie Jumatatu na kutoka Alhamisi, kwa kuwa katika miji ya kasino bei hupanda mwisho wa wiki. Dada akaniuliza kama nina pendekezo la mwisho kuhusu namba ya nafasi. Nilikuwa nalo. Katika picha za setilaiti niliona nafasi moja ya safu ile niliyoichagua ikiwa na mti mkubwa ubavuni, upande wa mashariki, nikamwambia aiombe hiyohiyo. Kivuli, dada. Huo ni mji ambao tarehe 29 Juni 1994 ulipima nyuzi 52 za Selsiasi, joto kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Nevada, na kila mtu aliyeandika kuhusu kulaza gari pale ametaja kivuli. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu yote barabarani, sikuwahi kuukataa mti.

Dada alipiga simu Jumanne yao, saa tatu usiku yetu. Alikuwa nje, amejifunga kitenge juu ya sweta, na nyuma yake niliona lami na magari meupe yaliyopangwa kama mabehewa pale stesheni. Kila kitu kilikuwa sawa, alisema. Gari lilikuwa limenyooka, friji inapoza, njia ya kwenda mtoni ni fupi, shemeji ameivuka mara nne bila kulalamika goti, na jioni iliyopita walikaa kwenye benchi kando ya maji hadi taa zikaanza kucheza ndani ya mto. Kulikuwa na jambo moja tu. Kwao ilikuwa saa nne asubuhi na ndani ya gari bado palikuwa na baridi ya kung'ata meno, kwa sababu jua lilikuwa limechomoza tangu zamani kwa kila mtu katika safu ile isipokuwa wao. Januari usiku wa jangwani ni baridi, na watu wote wanaojua mahali pale wanapokwenda wakati huo hulitafuta jua la asubuhi, wala hawakai nyuma ya mti. Majirani zao, wazee wawili kutoka Kanada, walikuwa wamekaa nje na kaptula wakiota jua. Dada alikuwa amebeba kiti chake akaenda kuketi barabarani mbele ya nafasi yao, na ndiko alikonipigia simu.

Nilimwambia aende ofisini akaombe nafasi nyingine. Alijibu kwamba kufungasha ni kazi ya saa nzima, na kwamba afadhali kiti. Siku ya kuondoka simu yake ilimchanganya zaidi, kwa sababu pale mtoni simu hunasa minara ya Arizona, ambayo wakati wa baridi iko mbele ya Nevada kwa saa moja, na yeye akafungasha mbio akidhani muda wa kutoka umekwisha kumbe alikuwa na saa nzima ya ziada. Aliitumia kwa kukaa juani.

Mama aliniuliza, Ijumaa iliyofuata nilipompelekea samaki Ujiji, kama watoto wamerudi salama na kama hawakucheza. Nilimwambia ukweli, kwamba dada hakugusa kitu na kwamba shemeji alipoteza dola 40 kwenye mashine. Akauliza siku nne za kiwanja waliziokoa kiasi gani kwa kulala pale badala ya kwingine. Nikapiga hesabu kwa zile bei nilizokuwa nimeziandika daftarini. Zilikuwa dola 36.